Risasi ikivuka mpaka: Sheria ya kimataifa yasemaje?

Adungosi, kituo cha biashara kilicho kati ya Malaba na Busia, ki umbali mfupi tu kutoka Uganda. Waiteso wa upande huu wana jamaa zao Tororo, na lugha yao ni moja. Kwa wakaazi wa mahali kama hapa, swali la ni lini taifa laruhusiwa kutumia jeshi dhidi ya jirani yake si la wanasheria peke yao. Desemba 1987, vikosi vya Kenya na Uganda vilifyatuliana risasi huko Busia na watu wakapoteza maisha.

Je, kisheria ile ilikuwa vita?

Kanuni na vighairi vyake

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika Ibara ya 2(4), unakataza taifa lolote kutumia nguvu, au hata kutishia kuzitumia, dhidi ya mipaka au uhuru wa taifa jingine. Vighairi ni viwili. Cha kwanza ni idhini ya Baraza la Usalama. Cha pili, kilichomo katika Ibara ya 51, ni haki ya kujilinda taifa linaposhambuliwa kwa silaha. Linalojilinda sharti liliarifu Baraza mara moja. Isitoshe, hatua zake ziwe za lazima na zilingane na shambulio lenyewe.

Historia si kibali

Februari 1976, Idi Amin alidai kuwa magharibi mwa Kenya, hadi takriban kilomita 32 kutoka Nairobi, ni mali ya Uganda. Dai hilo lilikuwa na chembe ya ukweli: hadi 1902, sehemu kubwa ya eneo hilo, kutoka mpaka wa leo hadi karibu na Naivasha, ilikuwa chini ya utawala wa Uganda, kabla ya Waingereza kuihamisha. Lakini Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Kwa hiyo ramani ya kale haimpi mtu ruhusa ya kuvuka na vifaru. Kenya ilipinga vikali, na Amin akalegeza msimamo.

Si kila risasi ni vita

Mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitofautisha shambulio la silaha na mkwaruzano wa mpakani. Kipimo ni ukubwa wa tukio na athari zake. Mkwaruzano waweza kuwa kosa la kudaiwa fidia, wala askari aliyefyatuliwa risasi hakatazwi kujihami pale alipo. Hata hivyo, hautoi kibali cha kupeleka majeshi hadi ndani ya nchi jirani. Si wote wanaokubaliana na kipimo hicho. Marekani hushikilia kuwa matumizi yoyote haramu ya nguvu yaweza kujibiwa.

Kwa kipimo cha Mahakama, tukio la Busia lilikaribia zaidi mkwaruzano kuliko vita. Ndivyo lilivyoshughulikiwa pia: kabla ya mwezi huo kwisha, Marais Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walikutana Malaba wakakubaliana kuyaondoa majeshi mpakani.

Kujilinda kuna mwisho?

Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, nchini Tanzania. Haki ya Tanzania kuyafukuza haikuwa na shaka. Lakini yalipokwisha kutoka, Tanzania iliendelea hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mwalimu Julius Nyerere alishikilia kuwa vita vilikuwa viwili: cha Tanzania kujilinda, na cha Waganda kumwondoa dikteta wao. Katika mkutano wa OAU mjini Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria hazikuridhika.

Miaka mingi baadaye, Uganda yenyewe ilitoa hoja ya kujilinda kueleza kuwako kwa jeshi lake Congo. Desemba 2005, Mahakama iliikataa. Haikuthibitishwa kuwa serikali ya Congo ndiyo iliyowatuma waasi walioishambulia Uganda. Majaji waliongeza kuwa kuteka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kulingana na mashambulizi hayo. Februari 2022, Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, kwa awamu tano za kila mwaka.

Sheria hii haina polisi wa kuitekeleza, na fidia iliyochelewa zaidi ya miaka 16 baada ya hukumu haimfufui aliyekufa. Umuhimu wake kwa Adungosi uko mapema zaidi, katika saa za kwanza baada ya risasi kulia. Serikali zikiliita tukio mkwaruzano, mlango wa mazungumzo hubaki wazi. Zikiliita shambulio la silaha, wanaotangulia kuhama ni wanaoishi kando ya mpaka.