Je, Kipigo ni Msalaba?

Hapa Nakuru na pande zote za Bonde la Ufa wako akina mama wanaopigwa nyumbani na kunyamaza, wakidhani huo ndio msalaba waliopewa na Mungu. Sivyo. Msalaba wa Yesu ulituletea wokovu. Ngumi ya mume haimwokoi mtu.

Mama, zitambue dalili: anakutisha, anakukataza kuonana na ndugu zako, anakunyang'anya mshahara, anakupiga, anaomba radhi, kisha anarudia.

Dada zetu Wakatoliki huogopa kwamba kuondoka ni kuivunja ndoa takatifu. Lakini sheria ya Kanisa lao ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu aliye hatarini kutengana na mwenzake. Na kama kukawia ni hatari, aweza kuondoka kabla ya kupata ruhusa ya askofu. Kutengana huko si talaka. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba ulinzi mahakamani.

Kupona huchukua muda. Mweleze mtu unayemwamini, nenda hospitali, peleka habari polisi. Kusamehe si kurudi kupigwa.

Nanyi wazee wa kanisa, mama akibisha usiku, mfungulieni mlango. Mungu awabariki. Amina.