Walimu wabishe hodi bungeni, wafanyabiashara wawe nyuma yao

Mfanyabiashara mdogo anayefika forodha ya Namanga na magunia ya maharage yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani ana haki ambayo wengi hawaijui. Mzigo wake ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani na halipi ushuru wa forodha. Asiyejua hilo humtegemea kishoka, au hushika njia ya panya na kuhatarisha mtaji wote.

Afisa forodha mwenye foleni ndefu hana muda wa kumfundisha. Mahali pa maarifa hayo ni darasani, katika Maarifa ya Jamii, somo linalomweleza mtoto Jumuiya ni nini, nani hutunga sheria zake na mwananchi ana haki gani akivuka mpaka.

Lakini somo hilo halina watetezi wengi. Nchini Kenya, mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilirejesha Hisabati kuwa ya lazima katika sekondari pevu baada ya wadau kupaza sauti. Historia na Uraia ikabaki ya kuchagua. Somo lenye watu wa kulisemea husikilizwa.

Walimu waanzie wapi? Kwanza, wajue mbunge ana uwezo gani. Mbunge haandiki mtaala. Kenya kazi hiyo ni ya KICD, na Tanzania ni ya Taasisi ya Elimu. Alicho nacho ni kura yake kwenye bajeti na swali kwa waziri. Mwalimu anayeomba "somo lithaminiwe" atarudi na ahadi tu. Anayeomba fedha za vitabu vyenye sura ya Soko la Pamoja, au swali bungeni kuhusu mafunzo kazini ya walimu, anampa mbunge kazi inayopimika.

Pili, wakati. Bunge la Bajeti la Tanzania hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Kenya nayo, makadirio hufika bungeni kabla Aprili haijaisha, kisha kamati hupokea maoni ya wananchi. Anayebisha hodi Julai hukuta mafungu yameshagawanywa.

Tatu, mlango. Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Kwa Jumuiya nzima, lipo Bunge la Afrika Mashariki jijini Arusha, ambako kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Hoja ya kuwapelekea ipo tayari: Ibara ya 102 ya Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa mwaka 1999, inazungumzia kuoanisha mitaala ya nchi wanachama. Walimu hawaombi hisani. Wanaomba mkataba utekelezwe.

Hapa ndipo wafanyabiashara wanapoingia. Mwalimu wa Busia akienda peke yake, mbunge anaweza kudhani anatetea kibarua chake. Akiongozana na kikundi cha akina mama wanaovuka mpaka kila wiki, wakiwa na stakabadhi za ushuru ambao hawakupaswa kulipa, mbunge anaona wapiga kura na fedha iliyopotea jimboni kwake.

Maandalizi yake hayahitaji wakili. Kikundi kiketi na walimu wa shule ya jirani, waandike ukurasa mmoja: tatizo, ombi moja, gharama yake, majina na sahihi. Waache nakala ofisini kwa mbunge, na baada ya mwezi warudi kuuliza limefikia wapi. Wengi huchoka kwenye hatua hiyo ya mwisho.

Watoto wa wauza maharage wa leo ndio watakaosimama kwenye dirisha lile la forodha kesho. Wakifika wakijua cha kuuliza, mtaji wao utavuka salama.