Habari za Vita vya Lugalo

Watoto wa shule hupenda sana habari za wanyonge waliowashinda wenye nguvu. Habari za Daudi na Goliati hawachoki kuzisikiliza. Lakini mfano mwingine u karibu nasi. Atokaye Peramiho akafika Iringa, kisha akaishika njia iendayo Morogoro, hupita Lugalo. Hapo pana mnara ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao waliouawa tarehe 17 Agosti 1891.

Mwaka ule jemadari wao, Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na watu wa pwani, alipanda bara ili amtiishe Mkwawa, mtwa wa Wahehe. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wapata 170, na mizinga. Njiani akachoma makao ya watu. Aliwaona Wahehe kuwa ni watu wa mikuki na ngao tu, wasioweza kusimama mbele ya risasi.

Kumbe Wahehe walikuwa wazoefu wa vita. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana na babu zetu Wangoni, wala hakuna upande uliouvunja mwingine. Basi hawakumwendea Nyundo uwanjani. Mpangile, nduguye Mkwawa, akawaficha watu wake kando ya njia, kati ya miamba na vichaka. Wakaagizwa wasiinuke mpaka wasikie mlio wa bunduki.

Asubuhi msafara ukaja, watu wakifuatana mmoja mmoja, na mizinga imefungwa juu ya punda. Ofisa mmoja akaona ndege, akampiga risasi. Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakainuka wote pamoja. Askari wengi hawakupata kupiga ila mara moja au mbili. Katika muda wa dakika chache vita vilikwisha. Wakafa Wazungu 10, na Zelewski mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Bunduki zipatazo 300 zikawa mali ya Wahehe.

Tuangalie vema ushindi huu ulitoka wapi. Ushujaa ulikuwapo, lakini ushujaa peke yake haukutosha. Waliijua nchi yao, walivumilia kimya, na kila mtu alitii agizo. Naye mwenye mizinga aliangamizwa na dharau yake kabla ya kuangamizwa na mkuki.

Lakini dharau haichagui kabila. Mwezi wa Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, na safari hii Mkwawa aliwangoja ndani ya ngome yake ya mawe huko Kalenga. Aliyeshinda kwa kujificha majanini sasa alitumaini ukuta, na ukuta hukaa mahali pamoja ukingoja mzinga. Tarehe 30 Kalenga ikatekwa. Mkwawa akarudia vita vya porini karibu miaka minne, hata akajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Mpangile alikuwa amekwisha kunyongwa mwaka 1897. Nasi watu wa Songea twayajua hayo: mwaka 1905 wazee wetu hawakupungukiwa na ushujaa, lakini waliyatumaini maji, na watu wengi mno walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hizi, walishangilia sana. Mtoto mmoja tu alinyamaza, kisha akauliza, “Mwalimu, wale wapagazi walikosa nini?” Sikuwa na jibu la haraka. Walibeba mizigo ya mtu mwingine, wakafa katika vita ambavyo si vyao, nao walikuwa wengi kuliko Wazungu mara tisa na zaidi.

Enyi wazazi na walimu, wasimulieni watoto habari za Lugalo, maana ni haki yao kuzijua. Lakini msiikatishe hadithi penye shangwe. Simulieni na Kalenga, na mwisho wahesabuni wapagazi.