MOTA YA MLANGO WA GEREJI: FEDHA ITENGWE KABLA HAIJAFA



Katika mashamba ya chai na ya miwa, na katika viwanda vingi, iko gereji ya matrekta na malori, na iko ghala ya kupakia mali. Zamani milango yake ilisukumwa kwa mikono. Siku hizi mingi ni ya kupanda juu, nayo huendeshwa na mota ya umeme. Mtu akibonyeza kitufe, mlango unapanda. Akibonyeza tena, unashuka. Kazi imekuwa nyepesi. Lakini mota huzeeka kama mashine nyingine yoyote, na siku inapokufa tunaambiwa: "Fedha hakuna, ngojeni mwaka ujao." Ni katika kungoja huko watu huumia.

Katika kiwanda kimoja tulichotembelea, mlango wa ghala ulikuwa umeshikiliwa juu kwa gogo la mkaratusi kwa sababu mota imekufa. Wapakiaji walipita chini yake na magunia tangu asubuhi hadi jioni. Lori liligusa gogo, mlango ukaanguka, mwenzetu mmoja akavunjika mguu. Baada ya hapo fedha ya mota ilipatikana katika wiki moja. Kwa hiyo fedha ilikuwapo, haikuwa imepangwa.

Tunaeleza hapa jinsi ya kufanya makisio ya kubadilisha mota hiyo, ili wawakilishi wenu wakiketi na uongozi wawe na hesabu mkononi, si malalamiko matupu.

Kinachobeba mlango

Wengi hudhani mota ndiyo inayobeba mlango. Sivyo. Katika milango mingi ya aina hii uzito unabebwa na springi nene zilizosokotwa juu ya mlango, pamoja na waya za chuma pande mbili. Mota husaidia kidogo tu. Springi ikilegea, mota inabeba mzigo usio wake, inapata moto, na mwisho inaungua. Ndiyo sababu kununua mota mpya na kuacha springi iliyochoka ni kutupa fedha. Mota mpya nayo itakufa mapema, na lawama atapewa mfanyakazi aliyebonyeza kitufe.

Tunaonya hapa. Springi hizo zimesokotwa kwa nguvu kubwa sana. Ikifyatuka yaweza kuvunja mkono au kuua. Kazi ya kuzikaza au kuzifungua ni ya fundi aliyejifunza kazi hiyo, mwenye vyuma vyake maalum. Msimamizi akimtuma turniboi kupanda ngazi na spana, turniboi huyo asikubali, naye mwakilishi aitwe mara moja.

Hesabu mara, usihesabu miaka

Muuzaji atasema, "Mashine hii inadumu miaka 10 au 15." Huenda ni kweli, lakini ni kweli ya nyumbani kwa mtu mwenye gari moja. Chuma hakijui miaka. Kinajua mara ngapi kimefanya kazi.

Springi ya kawaida ya mlango wa gereji ya nyumbani hutengenezwa kwa kufungua na kufunga kama mara 10,000. Nyumbani mlango ukifunguliwa mara 4 kwa siku, springi hiyo itafika karibu miaka 7. Sasa tazama ghala ya kiwanda. Mlango unafunguliwa mara 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni mara 12,000. Springi ileile itakwisha katika miezi 10. Kwa hiyo uongozi unaponunua mashine ya nyumbani kwa sababu ni rahisi, unanunua kitu cha miezi michache. Mashine ya kazi nzito ni ghali siku ya kununua, lakini gawanya bei kwa idadi ya mara itakazofungua mlango, ndipo utaona ipi ni rahisi kweli.

Kazi ya kwanza basi ni ndogo na haina gharama. Mlinzi wa mlango aweke daftari, apige mstari kila mlango unapofunguliwa, kwa wiki mbili. Daftari hilo lina nguvu kuliko maneno mengi.

Mambo ya kuandika katika makisio

Bei ya mota ni sehemu moja tu. Andika yote yafuatayo, kila moja na bei yake, kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu:

1. Mota yenyewe pamoja na reli na mnyororo wake.

2. Springi, waya za chuma na magurudumu madogo ya mlango. Zikiwa zimekaribia mwisho, zibadilishwe siku hiyohiyo, ili fundi asilipwe mara mbili.

3. Jicho la usalama. Hili huwekwa pande mbili za mlango karibu na sakafu, kiasi cha sentimita 15. Mtu au kitu kikikata mwali wake, mlango unaoshuka husimama na kurudi juu.

4. Kazi ya umeme: waya, swichi, na kinga ya umeme unaopanda na kushuka. Jihadharini na mashine zilizotumika zinazotoka Marekani. Umeme wa huko ni volti 120, wetu ni karibu 240. Ikiunganishwa bila kifaa cha kupunguza volti itaungua palepale.

5. Usafiri, ushuru na kodi.

6. Ujira wa fundi, na saa za kuwafundisha watakaoutumia mlango.

7. Matengenezo ya kila mwaka: grisi, kukaza boliti, kukagua waya.

8. Nyongeza ya sehemu moja katika kumi, kwa sababu bei hupanda.

Tufanye mfano wa hesabu tu. Tuseme vyote, mbali na nyongeza, vimefika shilingi 3,600,000, na daftari limeonyesha kuwa mashine itadumu miaka 3. Miaka 3 ni miezi 36. Gawanya: ni shilingi 100,000 kila mwezi. Ongeza sehemu moja katika kumi: 110,000. Fedha hiyo ikiwekwa kila mwezi katika fungu lake, mota ikifa hakuna kilio. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha isipowekwa, uongozi utatafuta shilingi karibu milioni 4 kwa siku moja, na gogo la mkaratusi litarudi mlangoni.

Je, kutengeneza au kununua mpya? Kipimo chetu ni hiki: mashine ikiwa imepita nusu ya umri wake, na matengenezo yanadai zaidi ya nusu ya bei ya mpya, inunuliwe mpya. Na mashine isiyo na kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu ibadilishwe hata kama bado inazunguka. Huko Marekani, ambako mashine hizi zilianza kutumika tangu miaka ya 1920, watoto walikufa kwa kubanwa na milango. Kwa hiyo sheria ikatoka kwamba kila mashine ya mlango wa gereji ya nyumba iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 iwe na kinga hiyo. Ikiwa mtoto wa huko amelindwa, mpakiaji wa hapa naye alindwe.

Dalili za kuzeeka

Mlango unapanda kwa kigugumizi. Mota inanuka kuungua. Kitufe kinabonyezwa mara tatu ndipo kinaitika. Waya wa chuma umeanza kuchanika nyuzi. Mlango umeinama upande mmoja. Ukiona moja ya haya, andika tarehe na mpe mwakilishi.

Iko pia kamba fupi, mara nyingi yenye mkono mwekundu, ya kuachanisha mlango na mota umeme unapokatika. Ivutwe mlango ukiwa umefungwa tu. Ukivutwa mlango uko juu, na springi imekatika, mlango wote utaanguka.

Nani alipe?

Tumesikia mahali pengine wafanyakazi wakikatwa mshahara eti wameharibu mota. Tusikubali. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini katika kanuni za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijauridhia mkataba huo. Hata sheria za nchi zetu zipo: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya 2006, Kenya ya 2007. Ile ya Kenya inataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Lakini haki ina upande wa pili. Pale ambapo mali ni yetu wenyewe, kama ghala ya ushirika, waajiri ni sisi. Hatuwezi kumdai tajiri atenge fedha na sisi tugawane faida yote huku springi inalia. Kamati ya ushirika iweke fungu hilohilo.

Kazi ya kila tawi

Kabla uongozi haujafunga makisio ya mwaka ujao, tawi lifanye haya. Lihesabu milango yote ya mota na umri wa kila mmoja. Liweke daftari kwa wiki mbili. Lichukue bei kwa wauzaji watatu. Kisha lipeleke karatasi moja katika kamati ya usalama, na nakala yenye sahihi ya kupokelewa ibaki kwa katibu wa tawi. Mota ikifa baada ya hapo, hakuna atakayesema hakujua.

Na mpaka mota mpya ifungwe, mlango mbovu ufungwe kabisa na kuwekwa alama. Mali ipitie mlango mwingine, hata kama ni mbali. Gunia laweza kungoja. Mguu ukivunjika hauna duka.