Fahamu: Pandora wa Wagiriki, Nthara wa Waembu

Oktoba 2021 jina Pandora lilitawala habari Kenya, baada ya nyaraka zilizopewa jina hilo kuitaja familia ya Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo. Kwa Kigiriki, pan ni yote, dora ni zawadi: katika hadithi zao, Pandora ni mwanamke wa kwanza, aliyetunukiwa na kila mungu. Alichofungua kilikuwa mtungi mkubwa, wa kuwekea nafaka, mafuta au divai. Lile “sanduku la Pandora” linalotajwa sana lilitokana na tafsiri ya Erasmus, karne ya 16.

Waembu nao wana mama yao wa kwanza, Nthara. Katika simulizi zao, Mwenendega, baba yao wa kwanza, alimkuta Nthara mahali watu wanapoteka maji, wakaoana, wakapata mali na watoto. Kijisitu cha Mwenendega, karibu na mji wa Runyenjes, ni kitakatifu. Jina la Nthara nalo watoto wetu walijue.