Ubao wa katani: kumbukumbu za nyumba ukutani

Kumbukumbu za nyumba zetu nyingi zimetawanyika. Risiti ya LUKU iko chini ya redio, hesabu ya kikoba imo ndani ya mkoba wa mama, ratiba ya Ramadhani imebandikwa kwa selotepu nyuma ya mlango, na namba ya fundi bomba imeandikwa kwa kalamu ukutani karibu na swichi. Siku kimoja kikihitajika, nyumba nzima hupekuliwa. Wahenga walishaonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa yake ni ubao wa kuchomekea karatasi. Madukani huuzwa mbao zilizotandikwa gome la mti wa Ureno na nchi jirani za Mediterania. Mkazi wa Tanga hana haja ya gome hilo, kwa kuwa anaishi kwenye mkonge.

Mkonge uliingia hapa mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo. Katani yake ilisukwa kamba na magunia duniani kote. Pia tangu miaka ya 1930 imetumika kutengeneza mbao za mchezo wa kurusha vishale, kwa sababu nyuzi zake husogea kupisha ncha, kisha hurudiana kishale kikitolewa. Sifa hiyo ndiyo tunayoitaka nyumbani.

Tafuta kipande cha silingi bodi laini, sentimita 60 kwa 90. Ukikikosa, gundisha maboksi manne au matano, kila moja mistari yake ikikatiza ya lililo chini yake. Chukua kitambaa cha gunia la katani, kinyunyizie maji, kipige pasi, kisha kikate kikizidi ubao kwa sentimita tano kila upande. Kikunje kwa nyuma na kukibana kwa misumari midogo, ukianzia katikati ya pande zinazotazamana. Pembe ziwe za mwisho, la sivyo kitambaa kitajikunja. Kwa fremu, mwombe seremala mabaki ya mtiki. Mti huo hupandwa Longuza, Muheza, na mchwa hawaupendi.

Adui mkubwa wa ubao pwani ni unyevu. Usiutundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua za masika. Gundisha vipande vya kandambili kuukuu kwenye pembe nne za nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta, usije ukaota ukungu. Pini za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuchafua karatasi. Tumia za shaba. Nyumba ya tofali za saruji hutaka ukuta utobolewe, utiwe plagi za plastiki, kisha skrubu mbili. Kwenye nyumba ya miti na udongo, gongagonga hadi uipate nguzo, kwani udongo mtupu hauhimili msumari.

Uning'inize mahali ambapo kila mtu hupita, usawa wa macho ya mtoto wa shule. Juu viwe vya lazima: tarehe ya kliniki, ada, zamu za upatu. Kwa familia za wavuvi wa Deep Sea, Tongoni au Pangani, jedwali la maji kupwa na kujaa ndilo la kwanza, maana bamvua haimsubiri aliyesahau. Chini iwe sehemu ya kutia moyo: ukingo wa kanga wenye jina lililokugusa, mchoro wa mtoto, ramani ya nyumba mnayotaka kujenga, au picha ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, anayewakumbusha vijana kwamba mwandishi mkubwa wa Kiswahili alitoka jirani kabisa.

Ubao ukijaa hausomwi tena. Kila Ijumaa jioni, ondoa kilichopitwa na wakati, na kazi hiyo apewe mtoto anayejua kusoma. Atajifunza mipango ya nyumba zaidi kuliko kwa kuhubiriwa. Malighafi tunayo na mafundi tunao. Kabla hujanunua ubao wa kigeni, pita kwanza kwa seremala wa mtaani kwako.