Kubadili Maneno katika Mti wa Utafutaji: Mfano wa 'Kwenda'

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wakazi wa Juba wana sababu moja zaidi ya kujifunza Kiswahili. Tuchukulie mwanafunzi wa Lemon Gaba, mjini humo, anayetafuta kitenzi katika orodha ya kompyuta. Akiambiwa neno halipo, atadhani amekosea yeye, kumbe kosa ni la orodha. Katika makala hii tunaeleza jinsi kosa hilo linavyotokea.

Orodha ya namna hiyo huweza kupangwa kama mti. Kila nodi, yaani kifundo cha mti, hubeba neno moja na matawi yasiyozidi mawili: maneno yanayotangulia kialfabeti hukaa kushoto, yanayofuata hukaa kulia. Mti uliosawazika wenye maneno 1,000 huhitaji hatua zisizozidi 10 kulipata neno lolote.

Tuweke *kupika* juu kabisa. Kushoto kuna *kuimba*, lenye *kucheza* na *kulala* chini yake. Kulia kuna *kuuza*, lenye *kusoma* na *kuvaa*. Neno *kwenda* litaning'inia kulia kwa *kuvaa*.

Sasa tufuate utaratibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981), inayoorodhesha vitenzi bila *ku-*. *Kupika* linakuwa *pika*, *kuimba* linakuwa *imba*, na mpangilio haubadiliki, kwa kuwa yote yamepoteza herufi zilezile za mwanzo. Lakini *kwenda* linakuwa *enda*. Tukilitafuta, tunatoka *pika* kwenda kushoto hadi *imba*, kushoto tena hadi *cheza*, kisha kulia, ambako hakuna kitu. Neno limo mtini, ila limebaki upande wa pili, chini ya *vaa*.

Nomino nazo zina mtego wake. *Mtoto* hutangulia *mwalimu*, lakini katika wingi *walimu* hutangulia *watoto*.

Hivyo basi, kanuni ni hii: badiliko lisilovuruga mfuatano wa maneno lifanywe palepale kwenye nodi. Badiliko linalouvuruga lifuatwe na kuujenga mti upya: maneno yote yatolewe, yabadilishwe, yapangwe, kisha yarudishwe.

Walimu wanaweza kulifanya zoezi hili ubaoni bila kompyuta. Waanze na *kwisha*, waone litapotelea wapi.